Makala ndani ya jiwe: kisa cha fuwele moja ya Herkimer

Fuwele yenyewe sasa ni vipande viwili. Kikubwa kina urefu wa milimita 19, kidogo 12, na ukivishikanisha vinaingiana mpaka usione kiungo, ila mwanga ukipita ubavuni ule ufa unatoa rangi za upinde wa mvua. Kabla ya Januari ilikuwa moja: milimita 31, gramu 13 na kidogo, imechongoka ncha zote mbili, angavu kama glasi, isipokuwa ndani yake kulikuwa na weusi. Weusi huo ndio kisa chenyewe. Watu watatu tuliuona, tukaupa majina matatu, na kila jina likaja na namna yake ya kulitunza jiwe. Mmoja wetu alikuwa sahihi. Sikuwa mimi.

Ninaishi Utica, jimbo la New York, mji ambao umepokea wakimbizi wengi, Wakongo wakiwamo, hivyo Kiswahili hapa si kigeni. Mimi ni wa Arusha. Mke wangu ni wa Uvira, na kaka yake ndiye tunayekwenda naye kuchimba mawe siku za Jumamosi ambazo wote wawili hatuna zamu. Tunakwenda Middleville, kijiji kilicho kando ya mto unaoitwa West Canada Creek, nusu saa hivi kwa gari. Kuna machimbo huko ambayo mwenye ardhi anakutoza kiingilio asubuhi, na ulichopata mpaka jioni ni chako. Kwa mtu aliyekulia Arusha jambo hilo linashangaza kidogo. Kwetu hutoki na jiwe la thamani mfukoni bila leseni. Hapa unapewa na mfuko wa kulitilia.

Wanaziita almasi za Herkimer, kwa jina la wilaya zinakotoka. Si almasi. Ni kwazi, silika ileile iliyojaa kwenye mchanga wa kujengea, ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs ambacho almasi inakaa kwenye 10. Zimepewa jina hilo kwa sababu zinatoka mwambani zikiwa kama zimeshakatwa na fundi: nyuso 18, sita za kiunoni na sita kila upande. Kwazi nyingi duniani huota zikiwa zimeshika ukuta wa mwamba, basi zinachongoka upande mmoja tu. Hizi ziliota ndani ya matundu karibu bila kuegemea popote, zikapata ncha mbili.

Mwamba wake ni dolomiti ya Little Falls, ya zama za Kambriani, umri wa miaka kama milioni 500. Mtu akisikia dolomiti anaweza kudhani ni laini kama chokaa. Ule mwamba unarudisha nyundo mpaka kiwiko kinatetemeka. Unatafuta ufa, unapigilia tindo, unaingiza kabari mbili au tatu, unazigonga kwa zamu, na unasikiliza. Kabari inayobana inalia juu, ting, ting. Mwamba ukianza kuachia, mlio unashuka na kuwa mzito. Siku ile ya Juni shemeji aliusikia kabla yangu, akaweka nyundo chini, akachukua mtarimbo. Bamba lilipoinuka tukaona tundu la ukubwa wa sufuria ndogo ya chai, kuta zake zimepakwa weusi. Nikatia mkono bila glavu, upumbavu, maana kingo za dolomiti iliyopasuka zinakata kama chupa. Nikatoa tope, vipande vyeusi vyepesi vinavyong'aa, na fuwele saba. Sita zilikuwa kama punje za mahindi. Ya saba ndiyo hii.

Shemeji akaisuuza kwa maji ya kunywa, akainyanyua juani.

“Shemeji, kuja uone. Hii iko na makala ndani.”

Kwangu mimi makala ni kitu cha gazetini. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba kwa Wakongo makala ni makaa, yale ya jikoni. Mama yao aliuza makala Uvira, magunia kwa magunia. Mtoto aliyelala chumba kimoja na magunia hayo haulizi mara mbili anapoona kipande. Lakini nilimsahihisha. Nikamwambia, “Hayo si makaa shemeji, hiyo ni kinywe.”

Nilikuwa na sababu zangu. Miamba ya Mirerani inakotoka tanzanaiti imejaa kinywe, hayo madini laini meusi ya kutengenezea penseli. Wanaapolo, wachimbaji wa huko, wakipanda kutoka shimoni wanang'aa rangi ya risasi ya penseli, unabaki kuona macho na meno. Nimekua nikiona mawe ya huko yenye vibapa vya kinywe, kwa hiyo kichwani mwangu jiwe angavu lenye weusi ndani lilikuwa na jibu moja tu. Na kinywe, nilijua, ni sugu: hakiogopi joto, hakiogopi baridi. Nikaichukua fuwele ile kama kitu kisichohitaji ulinzi wowote.

Mtu wa tatu tulimpata mwezi uliofuata kwenye maonyesho ya mawe, mzee wa Kimarekani mwenye meza ndefu. Aliigeuza mara moja tu, akasema ingekuwa kipande kizuri sana kama si uchafu. Neno lake kwa weusi lilikuwa hilo, uchafu, na mtu akishasema uchafu, neno linalofuata ni kusafisha. Akanishauri niiloweke kwenye asidi ya oksaliki.

Nimtendee haki: ushauri wenyewe haukuwa wa kijinga. Fuwele ilikuwa na utando wa njano wa kutu ya chuma kwenye nyufa za juu, na asidi hiyo ndiyo dawa ya kutu. Ni unga mweupe, ni sumu, unauchanganya na maji kwenye chombo cha plastiki, nje, umevaa glavu na miwani, na baadaye unasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali. Niliiloweka siku mbili. Kutu ikaondoka yote. Weusi haukupungua hata chembe.

Hapo palikuwa na ushahidi wa kwanza, na niliupita kama sijauona. Asidi za kawaida hazigusi kwazi. Kama kitu kimefungiwa ndani yake pande zote, hakuna utakachokimwagia kikakifikia. Kwa hiyo weusi ule haukuwa umeingia kupitia nyufa kama tope; ulikuwapo fuwele ilipokuwa inakua, ikauzunguka na kuumeza. Nilipomsimulia shemeji alicheka tu. “Ukiosha makala, unaosha mpaka lini? Makala inawekwa ndani ya nyumba, pakavu, basi.”

Agosti, usiku mmoja baada ya zamu, niliiweka fuwele juu ya taa ya simu nikawa nahesabu nukta nyeusi kwa lensi ya mkono, ile ya kukuza mara 10. Nukta kumi na moja, pamoja na wingu jembamba la vumbi jeusi upande wa kiuno. Nikaigeuza kuhakikisha. Zikawa kumi na moja, lakini moja haikuwa mahali pake. Nikadhani ni macho, maana ilikuwa saa saba usiku. Nikaigeuza tena, polepole, na safari hii nikaiona ikitembea.

Karibu na theluthi ya urefu wa jiwe kulikuwa na chumba, kama milimita 4 kwa 3, kina cha milimita 1 hivi, kona zake zikifuata kona za fuwele yenyewe kama chumba cha nyumba iliyojengwa kwa ramani. Ndani yake kulikuwa na maji. Ndani ya maji, kiputo cha duara chembamba kuliko kichwa cha pini, na punje moja nyeusi. Ukiinamisha jiwe, kiputo kinapanda kama kile cha pimamaji ya fundi, na punje inazama upande wa pili bila haraka, kama jani la chai kwenye glasi. Nilimwamsha mke wangu. Aliangalia, akasema ni kizuri, akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyuma.

Maji yale yalifungiwa humo kwazi ilipokuwa bado inaota. Wapenzi wa mawe ya Herkimer wanavitafuta sana vyumba vya namna hii, na chenye kiputo na punje inayoelea pamoja si cha kila siku. Kuanzia usiku ule weusi wa jiwe langu haukuwa tena kasoro ya kuvumilia. Ndio uliokuwa unalifanya jiwe liwe na uhai. Nikawa nalionyesha kwa kila mgeni. Na kwa kuwa mwanga mzuri kuliko wote uko kwenye baraza letu lililozungushiwa vioo, ndipo nilipoliweka, juu ya kibao, jua la asubuhi likilipiga moja kwa moja.

Baraza halina joto. Usiku mmoja wa Januari kipimajoto kilishuka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na asubuhi nikakuta vipande viwili.

Kwa siku mbili nilimlaumu mzee wa maonyesho na asidi yake. Kulaumu asidi ni rahisi, ina jina baya. Lakini nilikuwa na video ya simu ya mwezi Novemba, miezi mitatu na zaidi baada ya kuloweka, na ndani yake kiputo kinapanda na punje inashuka kama kawaida. Chumba kilikuwa kizima. Kama asidi ingefungua njia, maji yangevuja au kiputo kingekua. Asidi imeachiwa huru. Kuanguka nako hakukuwapo: vipande vyote viwili vilikuwa juu ya kibao, vimeachana upana wa ukucha.

Kilichobaki kilisema chenyewe chini ya lensi. Uso wa mpasuko una mistari midogo iliyotawanyika kama mbavu za upepeo wa ukindu, na mbavu zote zinaanzia sehemu moja: kwenye kona ya kile chumba. Jiwe lilisukumwa kutoka ndani.

Hesabu yake inafanyika kwa penseli. Maji yakiganda yanavimba kwa asilimia 9 hivi. Chumba changu kilikuwa na milimita za ujazo kama 12. Kiputo chenye kipenyo cha milimita moja hakifiki hata milimita moja ya ujazo, ni kama nusu, yaani asilimia 4 ya chumba. Nafasi ya barafu kuvimbia ilikuwa kama nusu tu ya iliyohitajika. Ziada ilipaswa kwenda mahali, na kwazi, pamoja na ugumu wake wote, haijui kunyumbulika. Kwa mkwaruzo ni ngumu; kwa kuvutwa kutoka ndani ni kama glasi.

Utaniuliza kuhusu chumvi, maana maji yaliyofungiwa ndani ya fuwele mara nyingi si maji matamu. Kweli, chumvi inachelewesha kuganda. Ila maji ya bahari yanaganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na hata yaliyoshiba chumvi ya kupikia yanafika 21 chini kisha yanasalimu amri. Usiku ule ulikuwa wa kutosha kwa karibu yote. Nadhani, na hili ni dhana yangu, usiku wa baridi kiasi wa Desemba ulikuwa umeshaanza kazi, na Januari ikamaliza.

Hasara ilikuja na zawadi moja: punje nyeusi ilitoka nje. Ilibaki imenata kwenye ukuta wa chumba kilichokauka, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Nikaitoa kwa ncha ya sindano, nikaongeza na vile vipande vikubwa tulivyookota tunduni Juni, nikaketi na shemeji mezani jikoni kumaliza ubishi.

Kwanza karatasi. Kinywe ukikisugua kwenye karatasi kinaandika, laini, kama penseli, na vidole vinabaki na mafuta ya kijivu. Kipande chetu cha tunduni kilikwaruza karatasi, kikaacha vumbi jeusi kidogo, hakikuandika. Shemeji akanitazama tu. Nikakibonyeza kwa sindano: hakikupindika kama kibapa cha kinywe, kililipuka vipande vipande, kila kimoja kikiwa na mpasuko uliojipinda kama ganda la kombe na kung'aa kama kioo cheusi. Sumaku haikukivuta. Sindano niliyoipasha moto kwenye jiko haikukilainisha, na lami ya kawaida ingelainika. Dawa ya kufutia rangi ya kucha, ambayo ingeanza kuyeyusha lami na kugeuka kahawia, ilibaki nyeupe usiku kucha. Chini ya taa ya urujuanimno hakikutoa mng'ao wowote. Na ni chepesi: kipande cha ukubwa wa kidole gumba hakina uzito unaoutarajia kwa jiwe.

Vyote hivyo vinaelekea kwenye antraksoliti, yaani mafuta ya petroli yaliyoiva ardhini kupita kiasi mpaka yakawa mango, karibu kaboni tupu, hayayeyuki wala hayalainiki. Ndiyo inayojulikana kwenye matundu ya dolomiti ya Little Falls, ndani ya fuwele na nje yake.

Hadithi yake inaanzia baharini. Miaka milioni 500 iliyopita sehemu hii ya Marekani, ambayo leo natoa theluji mlangoni kwa koleo, ilikuwa kusini mwa ikweta, chini ya bahari ya maji mafupi yenye joto. Kwenye maji hayo viliishi vijiumbe vilivyotandika mikeka juu ya tope, tabaka juu ya tabaka, na mikeka hiyo bado inaonekana kwenye miamba ya hapa kama mistari ya kitunguu kilichokatwa. Tope likawa mwamba, likafukiwa, masalia ya uhai yakageuka mafuta, mafuta yakapita kwenye matundu na joto la chini likayapika mpaka yakakauka. Kisha maji yenye silika yakaingia matunduni na kwazi ikaanza kuota. Mpangilio huo unausoma kwenye tundu lenyewe: weusi umepaka ukuta, umelala chini ya fuwele, na umo ndani ya fuwele. Ulitangulia, na vipande vyake vilikuwa bado vinaelea kwazi ilipokuwa inajenga kuta zake.

Kwa hiyo kinywe changu hakikuwa mbali kihivyo. Kinywe cha Mirerani nacho ni kaboni iliyokuwa ndani ya tope la kale, ila kule milima iliposukumana mwamba ulipikwa kwa joto na mkandamizo mkali zaidi, mpaka kaboni ikajipanga kuwa vibapa. Hapa moto ulizimwa mapema. Nilikosea hatua, si ukoo. Na shemeji, aliyeita makala kwa kuangalia tu, alikuwa karibu zaidi kuliko mimi na mzee wa maonyesho tukijumlishwa.

Kwa anayekusanya mawe haya, uwe Utica au Nairobi, weusi ndani ya kwazi si kitu kimoja. Turmalini nyeusi, kama ile ya kwenye kwazi za Brazili na Madagaska, huwa vijiti vilivyonyooka vyenye mistari ya urefu, na inavumilia mengi. Hematiti huonekana nyeusi ikiwa nene, lakini ukingoni mwa kibapa chembamba mwanga unapita mwekundu. Kwazi ya rangi ya moshi haina kitu ndani kabisa; rangi hiyo ni ya kwazi yenyewe, imetokana na mnururisho wa asili wa ardhini, na mtu akiipika kwenye tanuri inapauka. Kwazi za Balochistan huko Pakistani zina mafuta halisi, ya njano, bado majimaji, pamoja na chembe nyeusi za lami, na chini ya taa ya urujuanimno zinawaka. Hizo usizisogeze kwenye joto hata kidogo. Mimi sasa kabla sijaliosha jiwe lolote nalizungusha kwanza juu ya mwanga, dakika tano nzima, nikitafuta kitu kimoja: kuna kinachotembea? Kikiwapo, hakuna maji ya moto, hakuna mashine ya kusafishia ya mitetemo, hakuna baraza. Sabuni ya vyombo, mswaki laini, maji ya uvuguvugu wa chumba.

Masonara, kwa taarifa, bado wanamwunga mkono yule mzee. Kwao Herkimer yenye kaboni ni ya bei ya chini, na wanaokata mawe hupanga msumeno ili weusi ubaki kwenye taka. Ni biashara yao. Ila najiuliza ni vyumba vingapi vya maji vimefunguliwa hivyo bila mtu kugeuza jiwe mara ya pili.

Kipande kikubwa kimebaki na nukta saba na lile wingu la vumbi, vyote vimefungwa, havina maji. Kinakaa kwenye droo ya chumba cha kulala pamoja na fuwele sita ndogo, mke wangu akilalamikia soksi. Punje niliitia kwenye kichupa cha dawa nikaandika karatasi ya kubandika: Middleville, Juni, dolomiti ya Little Falls, antraksoliti. Shemeji alipoisoma aliomba kalamu. Alikata neno la mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni yake, kwa herufi kubwa, MAKALA. Nikakibandika hivyo hivyo.